Kumtafuta Mungu pamoja na wenzako: namna ya kuanzisha na kuendesha kikundi cha watu wanne

Zaburi ya 42 inaanza na koo lililokauka. "Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji, vivyo hivyo nafsi yangu inakuonea shauku, Ee Mungu." Neno la Kiebrania lililotafsiriwa hapo kuwa nafsi hutumika pia kwa maana ya koo, kwa hiyo kiu inayotajwa ni kiu hasa, ile ya ulimi kushikana na kinywa. Wengi huukariri mstari huo wakaishia hapo, ilhali asili ya kiu hiyo iko mstari wa 4. Mwombaji anakumbuka alivyokuwa akienda na mkutano nyumbani kwa Mungu, kwa sauti za kuimba na kusifu. Anamlilia Mungu, na kinachomuumiza ni kuwakosa watu aliokuwa akifuatana nao njiani. Kichwa cha zaburi kinawataja wana wa Kora, ukoo wa waimbaji. Yaani kilio cha mtu mpweke kimekabidhiwa kwaya wakiimbe.

Zaburi ya 27:8 inabana zaidi: "Uliposema, Nitafuteni uso wangu, moyo wangu umekuambia, Bwana, uso wako nitautafuta." Kiswahili kinaonyesha waziwazi jambo ambalo msomaji wa haraka hulipita. Nitafuteni ni amri kwa wengi. Nitautafuta ni jibu la mmoja. Mungu anawaita watu, na kila mtu anajibu kwa kinywa chake. Utaratibu unaofuata umejengwa juu ya sarufi hiyo: watu wanne, kikao cha dakika 75 kila wiki, wiki nane, kila mmoja akijibu mwenyewe huku wenzake wakimsikia.

Pima kiu kabla ya kumwita mtu

Chukua daftari, usitumie simu. Kwa siku saba, kila usiku kabla ya kulala, andika mistari miwili tu. Wa kwanza: leo nilimkumbuka Mungu saa ngapi bila kukumbushwa na mtu wala ratiba? Wa pili: nilipochoka au kuumia, nilikimbilia nini? Usiandike sala wala maazimio. Ukianza kuandika vizuri utaanza kuandika uongo.

Siku ya nane soma kurasa zote kwa mkupuo. Unachotafuta ni kutenganisha mambo ambayo moyoni yanafanana. Uchovu hupungua ukilala. Hatia huwa na jina: kuna jambo ulilofanya, na dawa yake ni toba na kurudisha ulichochukua, si kikundi. Kiu ya Mungu ni ile inayobaki hata siku ambayo umelala vizuri, hudaiwi na huna ugomvi na mtu. Kuna na huzuni nzito: ikizidi wiki mbili, usingizi na hamu ya kula vikapotea, au ukaanza kutamani kufa, nenda kwa daktari sasa, huku wenzako wakiendelea kukuombea. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anahitaji kuomba zaidi ni kumtwika mzigo mwingine.

Na kama daftari limejaa mistari mitupu? Mtu anayeumia kwamba hana hamu na Mungu tayari ana hamu hiyo, ila imekonda. Anaweza kuendelea na hatua inayofuata.

Watu wangapi, na akina nani

Wanne. Watatu wanatosha, watano ndio mwisho. Hesabu yake ni hii: kwenye kikao mna dakika 24 za kusemezana. Mkiwa wanne, kila mmoja ana dakika sita. Mkiwa wanane ana tatu, na dakika tatu zinatosha kutoa habari, hazitoshi kufungua moyo. Mkiwa wawili, mmoja akiugua wiki mbili kikundi kimekufa.

Mtu anaweza kuuliza: mbona madarasa ya John Wesley, yaani vikundi vidogo vya mwanzilishi wa Umethodisti, yalikuwa na watu kama 12? Ni kweli, lakini yale yalianza mwaka 1742 mjini Bristol kama mpango wa kukusanya peni moja kwa wiki kutoka kwa kila mshirika ili kulipa deni la jengo. Wakusanyaji walipopita nyumba kwa nyumba wakaona hali halisi ya watu wanavyoishi, ndipo ziara za fedha zikageuka malezi ya roho. Darasa lilikuwa na kiongozi anayewajibika kwa kila mtu. Kikundi chenu hakina kiongozi wa namna hiyo, kwa hiyo kiwe kidogo.

Usiwachague marafiki wako wa karibu kwa sababu tu ni wa karibu. Angalia mambo mawili. Kwanza, je, anatunza muda? Pili, je, amewahi kukuletea siri ya mtu mwingine? Kama aliwahi, hata kwa kisingizio cha "tumwombee", yako nayo itasafiri. Wanaume wakae na wanaume na wanawake na wanawake. Kuna maungamo ambayo hayatatoka vinginevyo, na ukaribu wa roho huzaa ukaribu mwingine haraka kuliko watu wanavyokubali. Mume na mke wasiwe kikundi kimoja. Mwajiri na mwajiriwa vilevile, wala mdai na mdaiwa wake.

Mwarifu mchungaji, padri au mzee wa kanisa lenu. Usimwombe aongoze; mwambie tu kwamba kikundi kipo, kina nani, na kitaisha lini. Kikundi kinachofichwa kanisani huanza kujiona ndicho kanisa.

Mwaliko uwe mfupi na usiwe na chambo. Maneno kama haya yanatosha: "Nataka tumtafute Mungu pamoja kwa wiki nane, saa moja na robo kila wiki. Hakuna somo wala mchango. Tutasoma zaburi, tutakaa kimya, tutaambizana ukweli, tutaombeana. Fikiria siku tatu, ndipo unijibu." Anayekubali naye aandike daftari la siku saba kabla ya kikao cha kwanza. Zile siku tatu msizifute. Waumini wengi hukubali papo hapo kwa kuona haya kukataa, kisha huanza kukosa kuanzia kikao cha tatu.

Makubaliano

Kikao cha kwanza tumieni dakika chache kuyasoma kwa sauti na kuitikia. Kinachosemwa hapa hakitoki, isipokuwa mtoto anadhuriwa au uhai wa mtu uko hatarini. Hapo tutamweleza anayehusika kuwa tunatafuta msaada, na tutautafuta. Hatukopeshani fedha ndani ya wiki hizi nane. Simu zinazimwa na kuwekwa mlangoni. Tunaanza kwa wakati hata tukiwa wawili. Asiyefika hasutwi kikaoni, anapigiwa simu kabla ya siku kwisha. Mwongozaji ni wa zamu, kila wiki mwingine, na kazi yake ni kulinda saa na utaratibu, basi.

Dakika 75 zinavyogawanywa

Dakika sita za kwanza ni za kufika: salamu, viti kwenye duara, wimbo mmoja ambao kila mtu anaujua bila kitabu. Salamu zisivuke hapo. Habari za safari na watoto ni nzuri, lakini zikipewa nafasi zitakula nusu ya kikao na hakuna atakayegundua.

Kisha kimya. Hapa ndipo vikundi vingi hukosea, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Wiki ya kwanza kaeni kimya dakika tatu. Ongezeni moja kila wiki mpaka kufikia saba wiki ya tano, halafu msizidishe. Hesabu ya jumla ya kikao imepangwa kwa dakika saba. Wiki za mwanzo zile zinazobaki ziende kwenye makubaliano na maelezo ya utaratibu. Miguu yote miwili chini, mgongo wima bila kukakamaa, mikono juu ya mapaja. Mwongozaji ndiye pekee mwenye saa, nayo aiweke mahali ambapo wengine hawaioni.

Yatakayotokea yanatabirika. Dakika ya kwanza ni ya mwili: kiti kinalia, mtu anasafisha koo, mwingine anavuta pua. Ya pili na ya tatu ni ya orodha: nimesahau kumpigia fulani, nguo ziko kwenye kamba, ile ankara. Kuanzia dakika ya nne kunakuja ushawishi wa kuokoa hali, na karibu kila kikundi kina mtu mmoja ambaye hapo ataanza kuvuma wimbo au kusema "Asante Yesu" kwa sauti ya kuwafungulia wenzake mlango wa kutokea. Mwongozaji asimkemee. Aendelee kunyamaza tu, naye atanyamaza. Baada ya hapo pumzi za watu huanza kusikika zikishuka, na utasikia mambo uliyokuwa huyasikii, hata sauti ya mtu kumeza mate.

Mawazo yakitangatanga msishindane nayo. Tumieni maneno mafupi kama kamba ya kurudia: ukivuta pumzi sema moyoni "Bwana", ukiitoa, "uso wako nitautafuta". Umetoka mara arobaini? Rudi mara arobaini. Kwa wale waliofundishwa kwamba kukaa kimya ni kuacha nafasi wazi kwa pepo, someni pamoja Habakuki 2:20, ambapo dunia yote inaambiwa inyamaze mbele za Bwana aliye hekaluni mwake. Mnanyamaza mbele za Bwana. Hamnyamazi mbele ya utupu.

Dakika 15 za zaburi

Zaburi nane kwa wiki nane, kwa mpangilio huu: 42, 63, 27, 130, 13, 88, 73, 84. Mpangilio una sababu yake. Mbili za kwanza zinataja kiu. Ya 27 na 130 zinafundisha kungoja. Ya 13 inauliza "hata lini" mara nne katika mistari miwili tu ya mwanzo. Ya 88 imewekwa wiki ya sita kwa makusudi: ina mistari 18 na inaishia gizani, bila lile geuko la shukrani ambalo zaburi nyingi za kilio hulipata. Kikundi cha wiki ya pili kingeikimbilia kuifariji. Cha wiki ya sita kinaweza kuiacha ilie. Ya 73 ni ndefu, kwa hiyo someni mstari wa 1 hadi wa 3, kisha 16 hadi 28.

Isomwe mara tatu na wasomaji watatu tofauti, kwa tafsiri moja. Usomaji wa kwanza, wengine wafunge Biblia zao wasikilize. Zaburi ya 42 yenye mistari 11 inapaswa kuchukua kama dakika mbili. Ikiisha ndani ya dakika moja, msomaji alikuwa anakimbia, na aanze tena bila aibu. Nyamazeni dakika moja. Usomaji wa pili, kila mtu ataje maneno machache yaliyomshika, bila maelezo. Mmoja atasema "machozi yangu yamekuwa chakula changu". Mwingine, "yu wapi Mungu wako?" Inatosha. Usomaji wa tatu, kila mmoja ageuze maneno yake yawe sentensi moja ya kumwambia Mungu moja kwa moja: "Baba, swali hilo naulizwa na mimi mwenyewe kila asubuhi."

Ugumu wote uko kwenye ule mruko kutoka "yeye" kwenda "wewe". Wakristo waliozoea kufundishwa huona raha zaidi kumzungumzia Mungu kuliko kuzungumza naye, na mwalimu wa Shule ya Jumapili ndiye anayepata taabu kuliko wote. Maelezo yakianza ("kwa kweli hapa mtunzi alikuwa anamaanisha..."), mwongozaji aseme: "Tulitunze hilo mpaka baada ya kikao." Aseme hivyo kila mara, hata maelezo yakiwa mazuri. Hasa yakiwa mazuri. Utaratibu huu wa kusoma, kutafakari, kuomba na kutulia si mpya. Mtawa Guigo wa Pili wa shirika la Wakartusi aliupanga kama ngazi yenye hatua nne katika karne ya 12.

Dakika 24 za kuambizana ukweli

Swali ni moja, halibadiliki wiki zote nane: wiki hii ulimtamani Mungu lini, na ulimkwepa lini?

Sikiliza tofauti. "Namshukuru Mungu, wiki imekuwa nzuri, changamoto hazikosekani ila tunaendelea kusonga mbele." Hiyo ni salamu. "Jumanne usiku nilishika Biblia, nikaiweka, nikashika simu, nikaangalia video mpaka saa saba. Nilijua ninachokwepa: sijamwomba dada yangu msamaha." Hilo ni jibu. Lina siku, saa, kitu kilichoshikwa mkononi na jina la jambo. Mwongozaji akisikia jibu la kwanza aulize swali moja tu la ziada: "Siku gani?" Mara nyingi hilo linatosha kumshusha msemaji kutoka angani.

Anayeungama aseme kosa lake kwa jina, asisimulie. Asitaje makosa ya mwenzi wake, ndugu yake au mchungaji wake kwa kisingizio cha kueleza mazingira. Kama kanisa lake lina ungamo mbele ya padri, kikundi hakichukui nafasi hiyo. Kinaweza kumpa nguvu ya kwenda.

Wasikilizaji nao wana yao. Wasitoe ushauri. Wasiseme "hata mimi" wakaanza kusimulia yao. Wasikimbilie kufuta uzito kwa "usijali, Mungu ni mwaminifu", maneno ambayo ni kweli na hapo hayafai. Mtu akimaliza, nyamazeni kwa pumzi tatu, kisha mmoja aseme, "Asante, tumekusikia." Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hiyo ndiyo kazi nzuri waliyoifanya. Matatizo yalianza walipofungua vinywa.

Dakika sita zikiisha, mwongozaji aonyeshe kiganja. Kama mtu yuko katikati ya machozi, mwacheni amalize, dakika zichukuliwe kutoka kwenye zamu ya mwongozaji mwenyewe.

Dakika 18 za maombi

Kila mtu aombewe na mwenzake mmoja tu, dakika tatu hivi, wengine wakiitikia Amina mwishoni. Anayeombewa anyamaze. Wale wanne wa Marko 2 waliobeba kitanda hawakumwambia mgonjwa ashike kona moja.

Mwombaji amtaje mtu kwa jina lake, arudie jambo alilolisikia kwa maneno ya yule aliyelisema, aombe kitu kimoja, kisha aishie hapo. Dakika zinazobaki ni za kunyamaza, mkono ukiwa begani kama mwenzake ameruhusu. Yafuatayo ndiyo yanayoharibu kipindi hiki. Ombi la mahubiri: "Bwana, mfundishe ndugu yetu kwamba mtu asipoamka alfajiri..." Hapo Mungu ametumiwa kama ukuta wa kugongea mpira umfikie jirani. Ombi la umbeya, linaloongeza habari ambazo mwenyewe hakuzisema. Na ombi la shindano, ambalo kila anayefuata anakuwa mrefu na mwenye sauti kubwa kuliko aliyetangulia. La mwisho hutibika kwa kuanza na yule ambaye kwa kawaida ni mfupi wa maneno.

Vipi kuhusu kuomba wote kwa sauti kwa wakati mmoja? Kama ndiyo desturi ya kanisa lenu, ifanyeni mwanzoni baada ya wimbo, wakati wa sifa. Hapa msifanye. Mtu aliyetoka kusema jambo zito anahitaji kusikia kwa masikio yake likipelekwa kwa Mungu, na kelele nzuri zitamnyima hilo.

Dakika tano za mwisho: Baba Yetu kwa pamoja, kutaja mwongozaji wa wiki ijayo, kuagana. Malizeni kwa wakati hata kama mnaona "Roho anatembea". Anayetaka kubaki abaki. Mwenye watoto nyumbani asifanywe aonekane baridi.

Kati ya kikao na kikao

Kila asubuhi, dakika 12 na zaburi ileile ya wiki: kuisoma mara moja kwa sauti, kukaa kimya dakika tatu, kusema sentensi moja kwa Mungu. Kuirudia siku saba kutakuchosha kufikia siku ya nne. Endelea, siku ya tano na ya sita ndipo mistari uliyokuwa ukiiruka huanza kuonekana. Katikati ya wiki gawanyikeni wawili wawili mpigiane simu, dakika tano, kwa swali lilelile la kikao. Kuandikiana ujumbe hakutoshi, kwa sababu sauti ndiyo inayosema ukweli.

Wiki ya nne fungeni mlo mmoja siku ile ya kikao, na muda wa mlo huo uwe wa maombi. Kunyweni maji. Wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari au vidonda vya tumbo, wanaomeza dawa zinazotaka chakula, na yeyote aliyewahi kusumbuliwa na ugonjwa wa kujinyima chakula, wasifunge kula. Wafunge simu au redio. Kufunga bila maji siku tatu kama Esta na watu wake lilikuwa jambo la hatari ya maangamizi, na halina nafasi hapa. Mkifungua, kuleni kidogo na polepole. Msitangaze kwa mtu, maana Mathayo 6 imeshalisema hilo vya kutosha.

Wiki ya tano jaribuni zamu. Mwaka 1727 waumini wa Kimoravian wa Herrnhut, huko Ujerumani, wanaume 24 na wanawake 24, waligawana saa za siku ili maombi yasikatike, na mnyororo huo ukaendelea kwa zaidi ya miaka 100. Ninyi gawaneni jioni moja: kila mtu saa moja, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku, kila mmoja kwake. Anayemaliza ampigie anayefuata na kumwambia neno moja la zaburi ya wiki. Mtu asiyewahi kuomba saa nzima ataishiwa maneno dakika ya 15. Aliandae hilo: dakika 15 za kusoma, 15 za kuwataja watu kwa majina, 15 za kimya, 15 za kuandika na kushukuru.

Yanayoharibika

Msemaji mkubwa yupo kila mahali. Kumwonya hadharani kunamuumiza, na wiki mbili baadaye amerudia. Mpe kazi ya kushika saa ya wenzake. Mtu anayehesabu dakika za wengine huanza kuona zake.

Hisia zikifanywa kipimo, kikundi kinaanza kutafuta machozi badala ya Mungu. Dalili ni sentensi hii: "Leo haikuwa kama wiki iliyopita." Mwongozaji asiijibu, aendelee na utaratibu.

Kisha kuna "Bwana ameniambia". Paulo anawaagiza Wathesalonike wasitweze unabii, na papo hapo anawaagiza wajaribu mambo yote. Kanuni ya kikundi iwe hivi: neno lolote linalomhusu mtu kuhusu ndoa, kazi, fedha, tiba au kuhama lisitolewe kikaoni. Aliyelipata aliandike, akae nalo wiki mbili, amwone mchungaji. Na hakuna anayeambiwa aache dawa. Hapo hakuna mjadala.

Kikundi kikianza kuliona kanisa kuwa limekufa na chenyewe kuwa hai, tatizo ni la kiburi ingawa linavaa nguo za kiu. Kila mtu aendelee na ibada ya Jumapili na afanye kazi moja isiyoonekana pale, kama kupanga viti. Asiyeweza kufanya hivyo kwa wiki nane, alichokuwa akikitafuta kikundini ni wenzake wanaofanana naye.

Ukame

Kufikia wiki ya tano au ya sita, angalau mmoja atasema hasikii chochote. Anasoma, anafunga, anakaa kimya, na mbingu ni shaba. Msimtafutie dhambi. Muulizeni mara moja kama kuna jambo analolijua. Akisema hapana, mwaminini. Angalieni na usingizi wake, kazi zake, na kama kuna msiba anaoupitia.

Akiwa katika hali hiyo halazimishwi kuomba kwa sauti wala kutoa sentensi yake baada ya usomaji wa tatu. Kazi yake inakuwa mbili tu: kufika, na kusema Amina kwenye maombi ya wengine. Kutoka 17:12 inasema mikono ya Musa ilikuwa mizito, wakamketisha juu ya jiwe, Haruni na Huri wakaitegemeza, mmoja upande huu na mmoja upande huu, hata jua likachwa. Hakuna aliyemwambia anyanyue kwa imani. Kwa vitendo: mmoja anampitia ili waje pamoja, mwingine anampigia kila asubuhi na kumsomea zaburi kwenye simu, yeye akisikiliza tu. Dakika mbili. Asiulizwe amejisikiaje baada ya hapo.

Kikao cha nane

Leteni madaftari. Baada ya Zaburi ya 84, kila mtu asome kwa sauti mistari ya zile siku saba za mwanzo, kisha mistari ya siku saba za mwisho, ambazo mtakuwa mmeziandika kwa namna ileile bila kuambizana. Msilinganishe nani amepanda. Sikilizeni kama saa zimebadilika: mtu aliyemkumbuka Mungu saa 11 alfajiri tu sasa anamkumbuka akiwa kwenye foleni, mtu aliyekimbilia simu sasa anakimbilia simu lakini anaiweka chini mapema.

Halafu amueni. Kanuni ni kwamba kikundi kimeisha. Anayetaka kuendelea ndiye anayesema, na kabla ya kuanza upya mnapumzika wiki mbili nzima bila kukutana. Mkiendelea, mmoja atoke akaanzishe kingine, na nafasi yake ichukuliwe na mgeni, ambaye atasomewa makubaliano upya tangu mwanzo. Asiyetaka kuendelea haulizwi sababu. Anaombewa wa kwanza, dakika zake tatu, kisha wengine wanafuata.